Kibuyu cha Tecla Kwenye Runinga

Wageni kumi na mmoja walitoka Mulot kuja kumposa Edinah, na wote kumi na mmoja walikataa kunywa maziwa ya mursik ya mama yake. Posa ilifia hapo hapo kwenye hema, saa nane mchana, vikombe vikiwa vimejaa. Kibuyu kilichowafanya wakatae nilikuwa nimekichukua mimi.

Naitwa Chege. Nina hoteli ya chai na chapati hapa Kiptere, na kwa miaka kumi na mbili nimekuwa mtu wa vifaa katika mchezo wa runinga unaoitwa Majani Mawili. Mtu wa vifaa ndiye anayetafuta sufuria, jembe, jeneza, mbuzi, chochote kinachotakiwa kuonekana mbele ya kamera. Baba yangu alihamia huku kutoka Nyeri kabla sijazaliwa. Niliacha shule darasa la saba, lakini Kipsigis nakiongea kama mtu wa hapa, na desturi zao nazijua. Nasema hivyo ili mtu asinisamehe kwa kudhani sikujua.

Mchezo ulipoanza ulikuwa wa kufundisha. Shirika fulani lilitaka wakulima wadogo wa chai wachume majani mawili na chipukizi, waache majani magumu, wanawe mikono, wapeleke wasichana shule. Tuliigiza kwenye ukumbi wa kanisa. Edinah alikuwa na miaka kumi na saba, akicheza msichana mwema anayeitwa Rhoda ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza baba yake habari za mbolea. Hakuna aliyetazama. Hata sisi wenyewe hatukutazama.

Shirika likaondoka, akaja Steve, mtayarishaji kutoka Nairobi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoa mbolea. Akaweka ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, na jiwe la mpaka ambalo linasogezwa kila baada ya mvua. Watu wakaanza kutazama, kwa sababu kila boma huku lina jiwe kama hilo. Kisha tukaacha kuchanganya Kipsigis, tukaweka Kiswahili cha mjini, ili mtu wa Narok na wa Nakuru naye aelewe. Kisha wakaja mapacha waliopotezana, tajiri asiye na mrithi, pasta mwenye familia mbili. Watazamaji wakipungua, tunaua mtu. Wakipungua tena, tunamfufua. Mzee Kepher, ambaye alicheza baba ya Rhoda, alizikwa mara mbili kwa jeneza lile lile, na kati ya mazishi ya kwanza na ya pili mimi niliweka humo unga wangu wa chapati.

Simu zilipofika kwa kila mkono, mambo yalibadilika tena. Jecinta, ndiye anayeandika hadithi, alikuwa anakaa kwenye meza yangu ya nyuma asubuhi nzima akisoma maoni ya watazamaji. Aligundua jambo moja ambalo lilitulisha miaka mitano: mtu mwema watu humpenda wiki mbili wakachoka, lakini mtu mbaya huwa hawamchoki. Basi akamchukua Rhoda, yule msichana wa mbolea, akamfanya mbaya. Rhoda akamtoa mimba mke wa kaka yake kwa dawa ya uongo. Akamsukuma shangazi kwenye ngazi. Akachoma ghala la majani.

Edinah aliigiza ubaya vizuri kuliko alivyoigiza wema. Sokoni mama mmoja alimrudishia pesa yake akakataa kumuuzia nyanya. Edinah akacheka, akaja kunihadithia huku akila chapati. Aliniita Baba Cate, kwa jina la binti yangu, na alinihesabu kama mtu wa kwao. Mama yake, Tecla, ndiye hakucheka. Mwaka ule Rhoda alipogeuka, Tecla aliacha kabisa kutazama mchezo. Alisema hawezi kukaa kwa jirani akisikia mtoto wake anatukanwa. Liweke hilo akilini, kwa sababu bila hilo kusingetokea lolote.

Mwaka jana kituo kingine kilianza kuonyesha mchezo wa Kituruki saa ile ile yetu, umetiwa sauti za Kiswahili. Waturuki wale wana nyumba kando ya bahari na farasi. Sisi tuna gambuti. Kwa miezi minne tulishuka kutoka watazamaji laki tano mpaka laki tatu, na kituo kikamwambia Steve kwamba Krismasi ikifika tukiwa hapo, basi.

Tulikaa hotelini kwangu, Steve, Jecinta, mimi, na Kiptanui wa kamera. Jecinta alileta moto, ajali, mtoto wa kuibwa. Steve akasema yote hayo Waturuki wamefanya, na kwa gari zuri zaidi. Mimi nilikuwa nafuta meza. Nikasema, bila kuinua kichwa, kwamba Rhoda atie sumu kwenye mursik siku ya koito.

Koito ni siku watu wa mvulana wanakuja kwa kina msichana kukubaliana ng'ombe, na makubaliano hufungwa kwa mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Mkishakunywa, mmekuwa watu wa nyumba moja. Kama hamkunywa, ni kama hamkuja.

Kiptanui aliweka kikombe chini. "Hiyo usiguse," aliniambia. "Tia sumu kwa uji, kwa soda, kwa maji ya kisima. Hiyo wacha."

Steve hakuwa anaijua mursik zaidi ya kuionja mara moja na kukunja uso. Lakini alikuwa anaujua uso wa mtu. Alimwangalia Kiptanui, akamgeukia Jecinta.

"Kama huyu amekasirika hivi, na anajua ni uongo, fikiria mwenye hajui. Andika."

Edinah alipopewa maandishi alisoma akiwa amesimama. Mwaka huo alikuwa amefika miaka ishirini na tisa. Kwa miaka mitatu alikuwa na Nicholas, mwalimu wa Mulot, mtu mpole mwenye viatu vilivyopigwa rangi hata siku ya matope. Watu wa Nicholas walikuwa wamemkawiza kwa sababu ya Rhoda. Shangazi yake Nicholas alikuwa amesema wazi kwamba msichana anayejua kuigiza hivyo lazima kuna mahali ametoa ubaya huo. Nicholas aliwabembeleza mmoja mmoja. Mwishowe walikuja mara mbili kuulizia, na safari ya tatu, ya kukubaliana ng'ombe, iliwekwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Kipindi cha sumu kingeonyeshwa wiki mbili kabla ya hapo.

Edinah alimwendea Steve, Steve akamwonyesha mkataba. Akanijia mimi.

"Baba Cate, unanijua tangu nikiwa mtoto. Waambie waweke hiyo sumu kwa chai."

Nilimwambia chai inamwagwa huku kila siku, hakuna mtu anaogopa chai. Nilisema ukweli, na nilisema nikijua wazo ni langu na yeye hajui.

Akaomba kitu kimoja tu. Kibuyu kiwe kipya, cha kununuliwa barabarani, ambacho hakijawahi kuwekwa maziwa, ili hata kwenye uongo kusiwe na nyumba ya mtu iliyoguswa. Nikamwahidi. Na nilikinunua kweli, kwa wale wanaouzia watalii. Siku ya kupiga picha, Kiptanui alipokiangalia kwenye kamera kilikuwa kinang'aa kama kiatu, na shanga zake ziliandika jina la nchi. Steve akatukana. Watu arobaini wamesimama, mvua ya saa tisa inakuja, mwanga unaondoka. Akaniuliza kama katika wilaya nzima ya wafugaji hakuna kibuyu kilichozeeka.

Nilijua kilipo. Nilipanda pikipiki, dakika kumi nikawa kwa Tecla.

Nilimkuta anaanua mahindi. Kibuyu kilikuwa kimening'inizwa jikoni juu ya moshi, mahali pake. Kilikuwa cha mama mkwe wake, na ndicho kilichomimina siku za koito za mawifi wa Tecla. Kifuniko kilishonewa ngozi, na kwenye ngozi safu tatu za shanga na kauri nne. Kauri moja ilianguka zamani, Tecla akashona kifungo cheupe cha shati mahali pake. Nilimwambia tunakihitaji kwa saa moja. Akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni koito ya kwenye mchezo, hayo yalikuwa kweli. Akauliza kama Edinah ndiye amenituma. Nikamwambia ndiye.

Akafurahi. Aliona mtoto wake ameanza kuheshimu vitu vya nyumbani. Alikifuta kwa kanga yake kabla ya kunipa. "Kirudi leo," alisema. "Desemba kina kazi."

Edinah alikuwa tayari mbele ya kamera nilipokiweka mezani. Alikitambua kabla sijakiachia. Alinitazama na akauliza kwa sauti ya chini kama mama anajua. Nikamwambia mama amenipa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Basi mama alidhani binti ameomba, binti alidhani mama amekubali, na kila mmoja akanyamaza kwa kumheshimu mwenzake. Kati yao nilikuwa mimi tu.

Sumu ilikuwa unga wa ngano na buluu ya kufulia. Edinah alifungua kile kifuniko, kifungo cha shati kikaangalia kamera, akatia unga. Nusu ilimwagika kwenye shanga, akaanza kuipangusa kwa kidole kama aliyesahau kamera. Steve alikata, akapiga makofi. Alisema kwa miaka yote hiyo hajawahi kuona Edinah akiigiza namna ile, na kwamba hairudiwi. Mimi nilikiosha kibuyu bombani nikakirudisha saa kumi na moja, kama nilivyoahidi.

Kipindi kilionekana. Tulitoka laki tatu tukafika laki saba kwa siku mbili. Wachungaji walihubiri dhidi yetu, Steve akakata mahubiri yao akayaweka kwenye mtandao. Ile picha ya mkono, unga na kifungo ilizunguka kila simu kutoka Bomet mpaka Kipkelion, isipokuwa ya Tecla, ambayo ni ya vitufe, na hakuna jirani aliyetaka kumtajia. Waturuki walibaki na farasi wao. Steve alininunulia koti.

Jumamosi ya pili ya Desemba nilikuwa kwa Tecla tangu asubuhi, kwa sababu hema na viti ni vyangu na mimi ndiye wa kupanga. Wageni walifika kumi na mmoja, wakaketishwa upande mmoja. Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko watu walivyoogopa. Shangazi ya Nicholas, mwanamke mnene mwenye miwani, hata alitania kwamba wamekuja kuondoa mtu mbaya Kiptere ili Kiptere ilale. Watu wa Tecla wakamjibu kwamba mbaya huyo ana bei yake. Walikubaliana ng'ombe sita na mbuzi wanane. Edinah alikuwa ndani ya nyumba, pazia limeachwa wazi kiasi cha kidole.

Baadaye nilisikia kwamba alfajiri Edinah alimwomba mama yake aazime kibuyu kwa jirani. Tecla aliuliza kwa nini. Edinah hakutaka kutamka neno sumu katika nyumba ile siku ile, na alidhani mama anajua. Akasema tu basi. Tecla aliudhika. Alisema maziwa ya wakwe katika nyumba hii yanatoka kwenye kibuyu hiki.

Kutoka jikoni mpaka kwenye hema ni hatua thelathini hivi. Nilimwona Tecla akitoka nacho, amekikumbatia, amevaa nguo ya kanisani. Nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Ningeweza kujikwaa nikamwangusha, ningeweza kusema ng'ombe wameingia kwenye chai. Nilikaa. Nilijiambia watu hawaangalii mambo madogo.

Vikombe vilijazwa vyote kumi na moja. Shangazi ndiye mkubwa, akapewa kwanza. Alikishika kikombe, akakinusa, akafurahi, kisha akanyoosha mkono aoneshwe kibuyu chenyewe, kama wanawake wa huku wanavyofanya kusifu kazi ya mwenzao. Alikigeuza. Akashusha miwani. Akaweka kikombe kwenye nyasi.

"Hii kibuyu naijua," alisema.

Tecla alitabasamu. "Ni ya mama mkwe wangu. Aliniachia."

"Hapana, mama. Naijua kwa TV. Hii kifungo ndiyo ile. Hii ndiyo ilitiwa sumu."

Mtu mmoja alicheka halafu akaacha. Tecla alimwangalia shangazi, akaangalia kibuyu, kisha akanitafuta mimi kwa macho, kwa sababu ni mimi nilikuja kukichukua. Mimi niliangalia viti.

Nicholas ndiye aliyesema, akimwita shangazi kwa Kipsigis. "Senge, ile ni mchezo tu. Ilikuwa unga."

"Najua ni mchezo, kijana yangu. Mimi si mjinga, hakuna mtu alikufa." Shangazi hakupandisha sauti. "Nakuuliza kitu moja. Kibuyu ambayo nchi nzima imeona ikitiwa sumu ya wakwe, na wakwe ndio sisi, tumeletewa hiyo hiyo. Hawakuwa na ingine? Kama wewe unaona ni sawa, kunywa. Ukinywa, sisi wote tunakunywa."

Nicholas alikuwa na kikombe mkononi. Alikiinua mpaka kifuani. Aliwatazama watu wake kumi, mmoja mmoja, wale aliowabembeleza miaka mitatu. Nadhani hapo ndipo alipochoka. Kikombe kikashuka, kikakaa kwenye nyasi karibu na kiatu chake kilichopakwa rangi.

Pazia la dirisha likafungwa.

Tecla hakubishana. Aliokota kikombe cha shangazi akakinywa chote, amesimama. Akaokota cha pili, cha mzee wa kando. Akanywa. Maziwa yalikuwa yanamtiririka kidevuni mpaka kwenye nguo ya kanisani. Cha tatu. Wageni walianza kuinuka, wakichukua makoti yao taratibu kama watu wanaotoka ibadani kabla haijaisha. Cha nne kilikuwa cha Nicholas. Tecla alipokimaliza gari lao lilikuwa limeshawashwa. Alitaka kuendelea na cha tano, dada yake akamshika mkono.

Siku hiyo mama na binti walikaa jikoni wakaulizana, na kwa maswali mawili tu wakajua ni mimi.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Edinah aliingia hotelini akakaa. Nilimimina chai, nikaweka mbele yake bila kuulizwa, maziwa mengi kama anavyopenda.

"Mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umenituma."

"Na mimi uliniambia amekupa."

"Alinipa."

"Na ile wazo ya mursik ilikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema Steve. Nilimwambia ni yangu. Hakulia wala hakunitusi. Alikisukuma kikombe polepole mpaka upande wangu wa meza, kimejaa, akaondoka. Miaka kumi na mbili alikuwa amekunywa chai yangu. Wateja wawili waliokuwa karibu waliona, na mmoja wao hakumaliza yake.

Jecinta alikuja baada ya siku tatu na daftari. Mtu alikuwa amemdokezea. Nilimweleza yote: hatua thelathini, miwani, kikombe kwenye nyasi, cha nne. Alikuwa anaandika akisema pole, pole sana, bila kuinua kalamu. Kipindi hicho kilionyeshwa mwezi wa pili, Rhoda akikataliwa na wakwe mbele ya hema langu lile lile. Ndicho kilichotazamwa kuliko vyote tangu mchezo uanze, milioni moja na laki moja. Edinah hakuwemo. Alikuwa amekwenda kwa mjomba wake Kipkelion na simu amebadilisha laini. Steve alitaka msichana mwingine wa kuwa Rhoda kwa haraka, mwenye urefu ule, na Cate wangu ana urefu ule. Watazamaji walilalamika wiki mbili, kisha wakazoea. Wiki ya tatu mama wa nyanya alimrudishia Cate pesa yake. Cate hakucheka.

Tecla sikumwendea. Nilimwona mara moja kwenye kituo cha kupimia majani, akapita na kikapu mgongoni kama hakuna mtu amesimama pale.

Hesabu ni hii. Vikombe kumi na moja: vinne alivinywa Tecla, saba vilimwagwa kwenye mizizi ya chai. Ng'ombe sita na mbuzi wanane waliokubaliwa, na hakuna hata mmoja aliyekuja. Miaka mitatu ya Nicholas, ambaye Aprili alioa mwalimu mwenzake. Kibuyu kimoja, chenye umri mkubwa kuliko mimi, ambacho Tecla alikipasua kwa shoka, akaokota kifungo kwenye vipande kabla ya kuvitia motoni, akakishona kwenye shati la kazi. Binti wawili, wake na wangu. Mteja mmoja wa hoteli, yule aliyeacha chai yake, hajarudi. Mchezo umeongezewa miaka miwili.